Bata Bukini wa Odile

Jumamosi, 6 Machi 2004

Mvua. Mama amenishusha uani kwa mjomba Anselme na masanduku mawili, la nguo na la vitabu, na hakuzima hata injini.

"Wewe tasnifu umeiacha na kazi huna," alisema. "Yeye macho hana. Mtafaana."

Mjomba ni kaka yake. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kulia litapasuliwa baada ya Pasaka, la kushoto mwezi Mei. Mpaka hapo mimi ndiye dereva wake, msomaji wa barua zake, na mtafutaji wa miwani ambayo haimsaidii kitu. Wakati wa chakula cha jioni alisema neno moja tu: "Jumamosi wanakuja wenzangu. Usivae nguo unayoipenda."

Jumatano, 10 Machi

Mvua. Sikuandika hata mstari wa tasnifu.

Jumamosi, 13 Machi

Zizi la zamani la ng'ombe ndilo karakana ya chama chao cha magari ya vita. Linanuka petroli, turubai lililolowa na, kwa mbali, ng'ombe ambao hawapo tena. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuja hapa likizo na kulala ndani ya magari haya mchana, nikijifanya sijui naitwa. Leo nilipoingia mwili ulikumbuka kabla yangu.

Asiyekosa Jumamosi hata moja ni Lucien Lelandais, askari polisi mstaafu, mwenyekiti wao, mwenye lori la magurudumu kumi linaloongoza msafara wa kukumbuka kutua kwa Wamarekani kila Juni. Mjomba humwita afande.

"Huyu ndiye profesa?" aliniuliza mimi mwenyewe.

"Ameacha," mjomba alijibu kutoka chini ya gari.

"Ameacha uprofesa? Safi sana. Mpeni spana."

Gari la mjomba ni Dodge, gari la wagonjwa. Lililetwa na Wamarekani mwaka ule wa vita, 1944, likachukuliwa na jeshi letu, likaenda zimamoto, mwisho likawa la mtengeneza pombe ya tufaha aliyelitelekeza bustanini, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Mjomba na wenzake hawalipaki rangi mpya. Wanalifukua. Juu kuna wekundu wa zimamoto, chini yake kijani cha jeshi letu, chini yake tena kijani cha Wamarekani. Msasa laini kabisa, maji ya uvuguvugu, nguvu ya kidole kimoja, na rangi ikibadilika unaacha. Hivyo ndivyo walivyoupata msalaba ubavuni na namba kwenye boneti, zimefifia, zina mikwaruzo, na hakuna anayeruhusiwa kuzing'arisha. Kwao alama iliyofukuliwa ina heshima kuliko gari zima lililopakwa upya.

Sehemu moja tu haijasuguliwa: mlango wa dereva, wekundu wenye ukubwa wa sinia.

"Hapo hapaguswi," mjomba alisema, akapafunika kwa kiganja bila kupapasa. "Hapo ni pangu, nikishapata macho."

"Tumejitolea tumsugulie, kakataa," Lelandais aliniambia. "Anamngoja bata wake."

Jumapili, 14 Machi

Hadithi ya bata naijua tangu utotoni, lakini leo nilimwomba anisimulie tena, na alisimulia huku akimenya viazi kwa kupapasa.

Julai ya mwaka ule alikuwa na miaka minane. Dada yake Odile alikuwa na mitano. Kombora lilianguka nyuma ya nyumba, na hakuna aliyejua ni la nani. Odile alipigwa na vipande tumboni. Likaja gari la wagonjwa la Wamarekani, wakamweka ndani, wakamkataza mjomba kupanda. Aliushika mlango wa dereva mpaka gari lilipoanza kwenda. Mlangoni palichorwa bata bukini mweupe, ana bendeji shingoni, bawa moja limeinuliwa kama anayesalimu watu. Mjomba alikuwa anamtazama bata kwa sababu hakutaka kutazama ndani. Odile alifia njiani. Walimrudisha kesho yake, kwa gari jingine.

"Nikimwona yule bata," mjomba alisema, "nitajua alipanda gari gani. Nitakaa pale alipokaa. Basi. Sitaki zaidi."

"Na asipokuwepo?"

"Asipokuwepo nitajua silo. Hilo nalo ni jibu."

Mama alizaliwa baada ya vita. Yeye hataki hadithi hii isemwe mbele yake.

Jumamosi, 20 Machi

Jua, kwa mara ya kwanza. Tumeiwasha Dodge, ambayo haijawashwa tangu ilale kwa ajili ya baridi. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakaa sawa. Lelandais alinifundisha kukanyaga klachi mara mbili kila nikibadilisha gia.

"Usiilazimishe. Hii bibi kizee, unaibembeleza."

"Wewe umembembeleza bibi gani?" mjomba aliuliza. "Wako alikukimbia."

"Alikimbia kelele za lori, si mimi."

Niliendesha mpaka kanisani na kurudi. Usukani unatetemesha mpaka meno. Watu walitoka milangoni kutupungia. Nilicheka peke yangu barabara nzima, ndani ya gari lililobeba watu waliokuwa wanakufa, na sikukumbuka hilo mpaka nilipolizima.

Jumanne, 23 Machi

Mvua. Nimesoma kitabu cha maelekezo cha jeshi la Marekani ambacho chama kina nakala yake, sura nzima ya rangi. Tasnifu haikuwahi kunishika namna hii.

Alhamisi, 25 Machi

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Mama alikuja kumpeleka mjomba hospitalini kupimwa macho. Nilibaki peke yangu na banda la karakana. Nilitaka tu kuona ukingo wa ule wekundu, kwenye kona, upana wa ukucha. Nilijiambia naweza kumhakikishia kabla hajapasuliwa kwamba kuna kitu, ili aende na moyo mkunjufu. Huo ni uongo. Nilitaka kuwa wa kwanza kuona. Ndivyo nilivyo, ndivyo nilivyokuwa hata kwenye nyaraka za chuo: sikuweza kungoja zamu yangu.

Nilianza vizuri, kwa maji. Wekundu ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani. Baada ya muda mkono ulichoka, nikachukua msasa wenye chembe kubwa zaidi, mkavu, ule wa kutolea kutu. Mara ile kona ikawa upana wa kiganja, halafu zaidi. Kijani cha jeshi letu kilipita haraka. Kisha nikaona nyeupe.

Ilikuwa tao. Mstari mweupe uliopinda, mnene kama vidole viwili, unaoanza juu kushoto na kushuka ukijikunja. Vumbi lilikuwa limeufunika. Nikachukua kitambaa chenye petroli nikalifuta vumbi.

Wino wote ulikuja na kitambaa. Si wino, rangi. Niliinua mkono na mlango ulikuwa kijani kitupu, na kitambaa kilikuwa cheupe.

Nilikuwa nimesoma juzi tu. Jeshi lile liliagiza alama nyeupe zipakwe rangi inayotoka kwa petroli, ili ziweze kufutwa upesi kukiwa na haja. Nilisoma, nikapigia mstari kwa penseli, na siku mbili baadaye nikafuta kwa petroli.

Nilisugua sehemu iliyobaki ya ule wekundu, yote, nikiwa kama mwenye homa, nikitafuta kipande kingine cheupe. Hapakuwa na kitu. Au palikuwa na kitu na msasa ulikwenda nacho. Lilikuwa bawa? Lilikuwa ukingo wa duara la nyota, ile nyota Wamarekani waliyoipaka kwenye kila gari? Pengine ningeenda polepole ningeona manyoya, au ncha ya nyota. Sasa hakuna mtu duniani anayeweza kujua, na niliyesababisha ni mimi.

Walirudi saa ya chai. Niliufunika mlango kwa turubai.

"Daktari anasema nitaona kama kijana," mjomba alisema. Alikuwa amenunua keki ya tufaha. Alinikatia mimi kipande kikubwa.

Ijumaa, 26 Machi

Sikumwambia.

Jumamosi, 27 Machi

Wenzake walikuja. Hakuna aliyegusa turubai. Sikumwambia.

Alhamisi, 1 Aprili

Nimemchora bata.

Nilianza na wazo dogo: nirudishe tao kama nilivyoliona, nifunike kwa kijani, kisha wekundu, kila kitu kirudi palipokuwa. Nilipomaliza tao nilisimama nikalitazama, na nikaona jinsi litakavyomtesa. Atasugua, atakuta mstari uliopinda na hakuna kingine, na atabaki hajui mpaka afe. Brashi ilikuwa bado na rangi. Nikaongeza manyoya matatu. Baada ya manyoya, mwili. Shingo, bendeji, mdomo. Nilichora vibaya kidogo makusudi, kama askari angechora. Mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko siku nyingi.

Nilimpaka majani ya chai na vumbi la sakafuni, nikamkwaruza kwa waya.

Jumapili, 4 Aprili

Kijani. Nimewasha jiko la banda ili pakauke.

Jumanne, 6 Aprili

Wekundu, kutoka kopo la zamani lililokuja na gari. Nikausugua kwa majivu mpaka mng'ao ukafa. Mjomba alipita akanusa.

"Unapaka nini?"

"Madirisha ya banda, mjomba."

Ikabidi kweli nikapake madirisha ya banda.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Mguu wa kondoo, maharage. Mama alikuja na mvinyo. Walikuwa wanapatana mpaka mjomba alipotaja mlango.

"Miaka yote hii, Anselme," mama alisema. "Mama yetu aliniita Odile mpaka siku anakufa. Nguo zake nilivaa mimi. Kitandani kwake nililala mimi. Na wewe bado unamtafuta ndani ya magari."

"Hukumjua."

"Namjua kuliko unavyonijua mimi. Niulize mimi napenda nini. Niulize tu."

Mama akasimama kuosha vyombo, vyote kwa mara moja, kwa kelele. Mimi nilikuwa nafuta sahani na kufikiri: laiti wangejua wanachogombania kimelala chini ya rangi ya Jumanne.

Alhamisi, 22 Aprili

Jicho la kulia lilipasuliwa jana. Leo wametoa kifuniko. Alinitazama muda mrefu.

"Umekonda," alisema. "Kuna kitu kinakutafuna."

Kisha akaingia jikoni. "Na nyumba hii ilikuwa chafu hivi siku zote?"

Jumatatu, 3 Mei

Mvua na upepo. Maua ya mitufaha yamelala chini yote.

Jumamosi, 8 Mei. Sikukuu ya ushindi

Alichagua leo. Baada ya bendera na mashada kule kwenye mnara wa mashujaa, chama kizima kilikuja bandani, wamevaa vizuri, wamekunywa kidogo. Mjomba alivua koti, akakunja mikono ya shati. Aliweka beseni la maji juu ya kigoda. Nikasogea nyuma.

"Njoo hapa," aliniambia. "Wewe umenisomea barua miezi miwili. Nishikie taa."

Basi nilishika taa.

Alisugua kama mtu anayemwosha mtoto uso. Kidole, maji, kidole, maji. Lelandais aliacha kutania. Nilijua kila nukta chini ya kidole kile. Nilijua atafika kwenye mdomo kwanza.

"Wekundu laini hapa," alisema kwa sauti ndogo.

Niliisogeza taa upande mwingine.

"Jua," Lelandais alisema. "Upande huu ulikuwa unapigwa na jua kule bustanini."

"Labda."

Aliendelea. Kijani kilionekana, kisha nyeupe. Alisimama. Akafunga jicho lake la kushoto ambalo bado bovu, akasogea mpaka pua ikakaribia bati. Alisugua tena, mara chache tu, na mdomo wa bata ukatoka, kisha shingo, kisha bendeji.

Hakulia. Alikaa chini, kwenye sakafu, na shati lake jeupe. Lelandais ndiye aliyelia, askari polisi mzima, akajipangusa kwa kofia.

"Ndiye," mjomba alisema. "Nilikuwa nadhani nilimwota."

Kisha akaomba apelekwe nyuma. Tulimfungulia milango, akapanda, akakaa kwenye benchi la kushoto, mikono magotini. Tulifunga milango kama alivyotaka. Wote tulibaki nje tukitazamana. Walinipiga mgongoni mmoja mmoja kana kwamba na mimi nina haki ya kufurahi.

Jumapili, 9 Mei

Siwezi kula.

Jumapili, 16 Mei

Mama amekuja, bila kuitwa, na viatu vyake vya mjini. Aliingia bandani moja kwa moja. Aliweka kidole kwenye bawa la bata, akakiondoa upesi.

"Mimi nilidhani anatunga," alisema. "Nilidhani amemtunga ili awe na kitu ambacho mimi sina."

Mjomba alimsogezea kigoda cha kupandia. Walikaa nyuma ya gari la wagonjwa, wamening'iniza miguu, kahawa mkononi, kila kikombe na tone la pombe kali ya tufaha. Nilisikia mama akicheka. Nilimsikia mjomba akimwuliza: "Kwani wewe unapenda nini, Solange?" Na mama akamjibu, kwa kirefu, mambo ambayo hata mimi binti yake sikuyajua.

Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Nikisema, nitavunja hili. Nisiposema, wamekaa juu ya uongo wa mkono wangu.

Jumatano, 26 Mei

Jicho la kushoto. Limekwenda vizuri.

Jumamosi, 29 Mei

Lelandais amesema mwaka huu lori lake litafuata nyuma. Dodge iongoze.

"Afande, huna haja," mjomba alimwambia.

"Mimi lori langu nililipaka mwenyewe kwa brashi ya dukani. Lako limejisema lenyewe. Usinibishie mbele ya watoto."

Jumapili, 6 Juni

Tumeongoza. Jua kali, barabara imejaa, bendera madirishani. Niliendesha mimi, mjomba kushoto kwa mlango wa abiria... naandika vibaya, nimechoka. Mjomba kulia kwangu, mkono nje. Kila kijiji watu walikuwa wameshasikia habari za bata. Bibi mmoja alisimamisha msafara mzima, akambusu bata, akaacha rangi ya mdomo mlangoni. Mjomba alinikataza kuifuta.

Nilifurahi. Gari lilikuwa linaimba kwenye gia ya tatu, nyuma yetu magari arobaini au zaidi, na nilifurahi mpaka mashavu yakauma. Hilo ndilo baya kuliko yote.

Jumatano, 9 Juni

Mvua.

Jumapili, 13 Juni

Wakati wa chakula, mjomba na mama wametoa habari kwa pamoja, kama watoto. Kaburi la Odile lina jiwe dogo lisilo na kitu isipokuwa jina. Wameagiza jiwe jipya. Litachongwa bata bukini, bendeji na bawa, kama alivyo mlangoni. Fundi wa mawe atakuja Alhamisi na karatasi nyembamba, amnakili kutoka mlangoni penyewe, asikosee unyoya.

"Wewe unaonaje?" mama aliniuliza.

"Ni vizuri," nilisema.

Jumatano, 16 Juni

Rangi inasuguliwa. Jiwe halisuguliwi. Watakuja kuzikwa humo humo wao wawili, chini ya ndege wangu.

Alhamisi, 17 Juni

Fundi alikuwa aje saa nane. Saa saba mjomba alikuwa anaupangusa mlango kwa kitambaa kikavu, akimzunguka bata. Nilisimama mbele yake.

"Mjomba, bata nimemchora mimi."

Alidhani natania. Alitabasamu nusu.

"Siku mliyokwenda kupima macho nilipasugua. Nilitumia msasa mbaya, nikafuta kwa petroli, kilichokuwepo kikatoka. Nikachora huyu. Nikamfunika ili umkute."

Alinitazama, kisha bata, kisha mimi tena, kwa macho yale mapya ambayo yalikuwa yamengojwa kwa ajili ya kitu kimoja. Nilitaka anipige. Kwa miaka yake yote hajawahi kumpiga hata ng'ombe.

Gari la fundi liliingia uani. Mjomba alitoka. Nilimsikia akisema kwa heshima kabisa: "Leo haitawezekana, bwana. Samahani kwa safari." Kisha akaenda shambani, na hakurudi mpaka giza.

Ijumaa, 18 Juni

Hasemi nami. Ananiwekea sahani, anaondoka.

Jumamosi, 19 Juni

Amefunga banda kwa kufuli. Wenzake wameambiwa anaumwa.

Jumapili, 20 Juni

Mama amepiga simu. Mjomba amemwambia, kisha akanipa simu. Nilingoja matusi.

"Ungenyamaza," alisema, taratibu sana.

"Mama, mlitaka kuchonga..."

"Najua tulitaka. Na mimi nilitaka. Nilikuwa nimempata kaka yangu." Nikasikia anavuta pumzi. "Sikusema umekosea kusema. Nimesema ungenyamaza. Vyote viwili ni kweli, na wewe msomi utajua cha kufanya navyo."

Akakata simu.

Jumatatu, 21 Juni

Nimefunga masanduku. Nimeyafungua. Kuondoka ndiyo njia rahisi.

Jumatano, 23 Juni

Mvua.

Ijumaa, 25 Juni

Leo asubuhi nilikuwa jikoni, mjomba amekuja akakaa mbele yangu.

"Nataka unieleze," alisema. "Uliyoyafanya nimeyasikia. Nieleze uliyoyaona."

Nilimweleza tao. Nilichovya kidole kwenye kahawa, nikalichora mezani: juu kushoto, kushuka, kujikunja. Alitazama mpaka likakauka. Akaniambia nichore tena.

"Mnene?"

"Vidole viwili."

"Chini ya kijani chetu, au juu yake?"

"Chini. Nilikuwa nimeshakipita."

"Na ilitoka kwa petroli."

"Ndiyo."

"Ulifuta mara ngapi?"

"Mara moja tu, mjomba. Mara moja ikatoka yote."

Alipitisha kidole palipokaukia kahawa. Nilidhani ananihesabia kosa. Lakini alikuwa anafikiri, na nilipomwona anafikiri nikaelewa nilichokuwa nimekizika mimi mwenyewe siku zote hizi kwa sababu ya aibu.

"Jeshi letu halikuwa na nyeupe ya namna hiyo," alisema. "Wala zimamoto. Hiyo ilikuwa yao."

"Ilikuwa yao," nilisema. "Hilo nina hakika nalo. Lakini nyota yao nayo ilikuwa na duara."

"Bawa, au duara la nyota."

"Sijui."

"Ungeenda polepole ungejua."

"Ndiyo."

"Na mimi ningejua."

"Ndiyo, mjomba."

Hakusema amenisamehe. Alisimama, akaosha kikombe chake, na changu.

Jumamosi, 26 Juni

Kufuli limefunguliwa. Wote walikuja, na mama pia, kasimama mlangoni na mwavuli. Mjomba alinitaka niseme mwenyewe, na nilisema, na hakuna aliyenisaidia kumaliza sentensi. Mmoja wao alitoka nje, nikasikia gari lake likiondoka.

"Yule bata nilimpa nafasi ya mbele," Lelandais alisema. Hakuwa ananiambia mimi. "Nilimlilia mbele za watu."

"Ulilia, afande," mjomba alisema. "Hata mimi nilikaa mule ndani nikaongea na Odile. Sasa tufanye kazi."

Alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akaanza kumfuta bata. Rangi yangu ni ya dukani, haitoki kirahisi. Ilibidi asugue kwa msasa, maji na kidole, muda mrefu, kuanzia mdomo. Mama aliweka mwavuli chini, akaenda kumshikia beseni. Aliliinamisha kila mjomba alipohitaji, bila kuambiwa.

Palipobaki kijani kitupu, mjomba alinipa brashi na kikopo cheupe.

"Chora ulichokiona."

"Watauliza ni nini," Lelandais alisema.

"Watauliza. Nami nitawaambia hatujui, na nani alitufanya tusijue."

Nikaanza juu kushoto. Mkono haukuwa ule uliotulia wa Aprili. Nilishuka, nikakunja. Nilipofika mwisho brashi yenyewe ilitaka kuendelea, ijikunje kidogo tu zaidi, ili mtu akitazama aweze kuona bawa kama anataka. Mjomba alikuwa nyuma yangu, karibu mpaka nikasikia pumzi yake.

"Uliona mpaka hapo?"

"Mpaka hapo."

"Basi toa brashi."

Nikaitoa.